Miche ya shule imelala baada ya dhoruba: yote ifungwe vigingi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa mazingira katika shule ya msingi pembezoni mwa mji wa Tabora. Desemba tulipanda miembe iliyobebeshwa, mijohoro, miarobaini na miashoki mirefu inayonizidi kimo. Wiki iliyopita, katikati ya Februari, ilipiga mvua ya upepo. Asubuhi tukakuta zaidi ya nusu ya miashoki imelala na miembe kadhaa imeinama. Mwenyekiti wa kamati ya shule anataka kila mche ufungwe kwenye mrunda kwa waya wa kufungia nondo, tena ukazwe usitikisike. Mlinzi wetu, mkulima wa siku nyingi, anasema tuiache, itasimama yenyewe. Nimsikilize nani? Na vigingi vikiwekwa vikae muda gani? Kuna pia mijohoro ya mwaka juzi iliyofungwa waya, na sasa waya umeanza kumezwa na gome.

JIBU: Marahaba, Mwalimu, na poleni. Mlinzi wenu yuko karibu na ukweli kuliko mwenyekiti, ila mwenyekiti msimbeze, kwa sababu miashoki yenu kweli inahitaji kushikwa. Anapokosea ni hapo kwenye "usitikisike".

Mti mchanga hujengwa na mtikisiko. Upepo ukiuyumbisha, shina hujibu kwa kunenepa, hasa chini karibu na ardhi, na mizizi hujibu kwa kuongezeka na kujikita. Ukiufunga ukaukaza, utarefuka haraka na kupendeza macho, lakini shina litabaki na unene uleule kuanzia chini hadi juu, na mizizi haitakuwa na sababu ya kujitanua. Siku utakapoufungua unakuta mti wa miaka miwili usioweza kubeba kichwa chake. Viwanja vya ofisi nyingi vina miti ya namna hii: kigingi kimeshaliwa na mchwa chini kikabaki kinaning'inia, na sasa ni mti ndio umekibeba kigingi.

Kwa hiyo kabla hamjakata hata fito moja, kagueni. Fanyeni hivyo udongo ukiwa bado na unyevu. Shika shina kama nusu ya kimo chake, lisukume taratibu mbele na nyuma, lakini macho usiyaweke juu kwenye majani. Yaweke chini, pale shina linapoingia ardhini.

Huenda ukaona shina linapinda lakini pale chini hakuna kinachosogea. Hapo mizizi iko salama, ni shina tu limekuwa jembamba kuliko kichwa linachobeba. Huenda ukaona duara la udongo lenye upana wa kiriba, ule mfuko wa nailoni wa kuoteshea mche, linainuka upande mmoja na kudidimia upande wa pili. Maana yake bonge la udongo lililotoka na mche linacheza ndani ya shimo. Ama hamkushindilia vizuri wakati wa kupanda, ama shimo lilijazwa samadi na udongo mlaini, kisha vyote vikatitia mvua zilipokolea. Au utaona shina peke yake linazunguka na kuchimba tundu, kama mwiko kwenye uji, huku udongo wa pembeni umetulia. Hilo la mwisho ndilo linalonipa wasiwasi, na sitashangaa mkilikuta kwenye miashoki.

Nieleze kwa nini. Mwashoki unaouzwa ukiwa na kimo cha mtu mzima mara nyingi umekaa kwenye bustani ya miche zaidi ya mwaka mmoja, ndani ya kiriba kilekile, umebanwa na wenzake, umefungwa kwenye fito tangu mdogo. Juu umekimbilia mwanga, chini mizizi imegonga nailoni ikarudi na kuanza kujiviringa. Mnunuzi hulipia urefu, basi muuzaji anampa urefu. Mche wa aina hiyohiyo wenye kimo cha goti na shina nene kama kidole gumba ungewagharimu fedha kidogo, msingehitaji kuufunga, na kwa kawaida baada ya miaka mitatu unakuwa umeshamfikia huyo mrefu au kumpita. Mwakani nunueni wafupi.

Kwa sasa, kila mche ambao shina lake linachimba tundu, fukueni kwa mkono hadi muone mizizi ya kwanza minene. Kama mtachimba zaidi ya upana wa vidole vinne bila kuiona, mlipanda kwa kina kupita kiasi. Ondoeni udongo wa juu mpaka shingo ya mzizi, pale shina linapoanza kutanuka, iwe sawa na ardhi. Mzizi mmoja ukiwa umezunguka shina, ukateni kwa kisu kikali mahali unapoanza kujikunja. Lakini ikiwa mizizi yote imejisokota kama kamba, ng'oeni mche huo mpande mwingine. Najua inauma, hasa ikiwa fedha ilichangwa na wazazi. Ila kigingi hakitibu mzizi uliojiviringa. Mti kama huo unaweza kusimama miaka sita, saba, ukatoa kivuli, kisha ukaanguka siku ya mvua kubwa. Na kivuli cha shule huwa na watoto.

Ile ambayo bonge zima linacheza ni rahisi. Isimamisheni leo au kesho, msingoje udongo ukauke, kwa sababu udongo mkavu hukata mizizi midogo mnapoinua. Fukueni upande ule ambao mti umeulalia, ingizeni koleo chini ya bonge na inueni kutokea chini. Msivute shina. Mti ukishakuwa wima, rudisheni udongo kwa tabaka, kila tabaka mlishindilie kwa kisigino, kisha mwagieni ndoo moja kubwa, kama lita 20, udongo ujae kwenye mianya. Sehemu kubwa ya miche yenu itasimama hapo bila msaada wowote, na hapa ndipo mlinzi anaposhinda. Mkipanda tena, chaneni kiriba chote mkitoe, kateni mizizi iliyojikunja kwenye kitako, na shindilieni pande zote. Dakika mbili za kisigino zinaokoa kigingi kizima.

Mijohoro na miarobaini sitaki kusikia imefungwa, kama ina kimo cha goti au kiuno na chini haichezi. Hata ikiinama kidogo itajinyoosha. Msikate matawi yake ya chini kwa haraka ya kutaka shina safi, maana majani ya chini ndiyo yanayolisha na kunenepesha sehemu ya chini ya shina. Yaondoeni kidogo kidogo kuanzia mwaka wa pili. Miembe mikongwe ya Tabora ambayo watu huihusisha na njia ya misafara ya kwenda Ujiji haikusimama karne nzima kwa sababu ya fito. Mwembe uliotokana na kokwa iliyoota palepale una mzizi mkuu unaoshuka chini moja kwa moja, na huo ndio nanga yake. Mchikichi wa kule Kigoma nao hauhitaji kitu, mizizi yake hutoka kwa wingi kwenye kitako cha shina.

Mwembe uliobebeshwa ni habari nyingine, kwa kuwa umetoka kwenye kiriba na una kiungo, yaani pale kikonyo cha kubebesha kilipounganishwa na shina la chini. Juu ya kiungo hutokea chipukizi lenye majani mengi laini kwa wakati mmoja, mvua ikiyalowesha yanakuwa mazito, mti unainama. Kwa miembe hiyo kigingi kifupi kinafaa, ila kamba isikizunguke kiungo chenyewe. Ifungwe juu yake kidogo. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo liondolewe kwa mkono likiwa bado changa, kwa sababu hilo ni embe la kienyeji na litaumeza mti mliounun​ua. Ukifika sentimita 80 hivi, kateni ncha utoe matawi, kichwa kiwe kifupi na kipana. Hiyo inasaidia kuliko kamba.

Sasa vigingi. Mrunda wa mkaratusi aliopendekeza mwenyekiti ni mnene bure na Tabora una adui anayejulikana na kila mtu. Mchwa wetu hapendi mti ulio hai na wenye maji ya kutosha kama anavyopenda ubao mkavu uliochomekwa ardhini. Ukichomeka mkaratusi mbichi wenye gome, sentimita tano kutoka kwenye mwembe, umemwita mgeni na kumwekea mkeka. Atapanda kwa kujijengea njia ya udongo juu ya kigingi, na pale kigingi kinapogusa shina atavuka. Mwezi Julai, mti ukiwa na kiu, ataanza kutafuna gome chini ya hiyo njia ya udongo na hamtaona mpaka majani yaanze kunyauka.

Tumieni ubao wa kiini wa mninga au mkurungu kama kuna mabaki kwa fundi seremala, maana kiini cha miti hiyo mchwa hakishambulii kirahisi. Msiende msituni kukata mninga mzima ili kuegemeza mwembe, hiyo itakuwa hesabu ya ajabu, na kisheria mtahitaji kibali. Vipande vya nondo au bomba chakavu ni vizuri zaidi, haviliwi na chochote. Mkikosa vyote, fito kavu iliyotolewa gome, ncha yake ikaunguzwa motoni, itawavusha msimu mmoja, na msimu mmoja ndio mnaouhitaji. Oili chafu watu wengi hupaka na kweli mchwa huikwepa, lakini mimi siiweki karibu na mizizi ya mti wa kuliwa matunda. Kila wiki mtoto mmoja apite na kijiti kukwangua njia za udongo. Matandazo pia yakae mbali na shina, upana wa kiganja.

Msitumie minyaa, ingawa ipo kila ua na ni bure. Kwanza itaota, mtakuwa mmepanda miti miwili kwenye shimo moja. Pili, utomvu wake ukiingia kwenye jicho la mtoto ni safari ya hospitali. Na kwa suala hilohilo la macho, kigingi chochote cha nondo kifunikwe kichwani kwa chupa ya plastiki.

Kigingi cha mwembe kiwe na urefu wa mita moja na nusu hivi, na nusu mita iingie ardhini, kwenye udongo mgumu ambao hamkuuchimba. Kisipite katikati ya bonge la mizizi. Kwa kuwa miche imeshapandwa, njia salama ni kukichomeka kwa kulala, kikianzia ardhini nusu mita kutoka kwenye shina, upande upepo unakoelekea, kipite pembeni ya shina, kichwa chake kikielekea upepo unakotoka. Upepo wa kiangazi hapa kwetu hutoka zaidi mashariki na kusini-mashariki, kwa hiyo kichwa cha kigingi kielekee huko. Mti ukisukumwa utavuta kamba, hautagonga mbao. Upepo wa dhoruba ya masika hauna adabu, hugeuka, ndiyo sababu miashoki mirefu nashauri iwekewe vigingi viwili vilivyosimama wima, kimoja kila upande, mti ukiwa katikati na kamba yake kwa kila kimoja. Mkiwa kwenye udongo mweusi wa mbuga, kumbukeni kiangazi udongo huo hupasuka nyufa na kigingi hulegea, basi kikaguliwe.

Kufunga wapi? Usikisie. Shika shina kwa vidole viwili karibu na ardhi, uache kichwa kilale. Pandisha vidole kidogo kidogo. Utafika mahali ambapo, ukishika hapo tu, mti mzima unasimama wenyewe. Funga kama sentimita 15 juu ya hapo, si zaidi. Kwa miti mingi itaangukia theluthi moja ya kimo, na kwa mwashoki mwembamba huenda ikafika nusu. Kuanzia hapo kwenda juu mti uachwe ucheze na upepo.

Kamba iliyo bora zaidi mjini Tabora ipo kwa fundi baiskeli, kwenye lile rundo la tyubu zilizokwisha. Ziombeni, zikateni vipande vyenye upana wa vidole viwili. Zungusha kwenye shina, ipishanishe katikati kati ya shina na kigingi iwe umbo la nane, halafu fungia fundo kwenye kigingi. Ile pishano ya katikati ndiyo inayozuia shina kusugua kigingi, kwa hiyo usiiruke. Kati ya mpira na shina vidole viwili vipite. Vitambaa vya kanga kuukuu vinafaa, katani inafaa pia na ina uzuri wake kwamba huoza yenyewe. Manila ni nyembamba na inakata. Waya hapana, hata ukiuvisha bomba la mpira, maana mti ukinenepa unabanwa vilevile.

Muda: mti wenye mizizi mibovu hulala masika, udongo ukiwa uji, si kiangazi. Kwa hiyo jaribuni Aprili, kabla mvua hazijaisha. Fungueni kamba, tikiseni shina, tazameni chini. Kama ardhi haisogei na kichwa hakiinami, ng'oeni vigingi siku hiyohiyo. Miembe mingi itafaulu hapo. Isiyofaulu ifungwe tena, kamba ikalegezwe kulingana na unene mpya, na ijaribiwe Desemba baada ya mvua kubwa ya kwanza. Mti ambao hata Desemba hauwezi kusimama una tatizo chini ya ardhi. Msiurudishie kigingi, ufukueni. Ukiona mti umesimama imara chini lakini ncha inainama, punguza kichwa, usipandishe kamba. Andikeni tarehe ya kufungua kwenye ubao wa ofisi ya walimu. Miti mingi iliyonyongwa na kamba haikunyongwa na mtu mbaya, ilifungwa na mtu aliyehamishwa kituo.

Wakati wa kiangazi mwagilieni maji mengi mara chache, kuliko kikombe kila siku, na kila mwezi sogezeni duara la kumwagilia nje kidogo ili mizizi ifuate. Na fedha ya mirunda mliyoitenga, mwambieni mwenyekiti kwa heshima zote, inunulie miiba na fito za kuzungushia kila mche. Mbuzi wa jirani wanaua miche mingi kuliko upepo wa miaka mitano. Uzio huo usifungwe kwenye mti, na wanafunzi wasiegemeze baiskeli hapo.

Nimalizie na mijohoro ya mwaka juzi. Chakula kinachotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kupitia tabaka jembamba lililo chini tu ya gome. Waya ukibana, chakula hukwama juu yake, ndiyo maana mtaona uvimbe juu ya waya na shina jembamba chini yake. Chukueni plaizi, kateni waya sehemu mbili au tatu palipo wazi. Kinachotoka chenyewe kitoeni. Kilichomezwa msikichokonoe kwa kisu, mtaongeza jeraha, mti unaweza kukifunika na kuendelea. Kisha sukumeni shina juu ya hapo kwa mkono. Likionekana kukunjika palepale penye waya, mti huo utakatika siku moja, na heri mkate ninyi. Mjohoro ukikatwa huchipua vizuri. Kateni chini ya waya, sentimita 10 hadi 15 kutoka ardhini, sasa hivi mvua zikiwepo. Machipukizi yatakuwa mengi. Yakifika kimo cha goti bakizeni moja, lile lenye nguvu lililotoka chini zaidi, kwani lililotoka ukingoni juu ya kisiki hung'oka kwa upepo. Lina mizizi ya miaka miwili chini yake, kwa hiyo litakimbia, na msilifunge.